Maswali ya Wasomaji: Kwenda Saba, kisiwa cha Karibi kisicho na ufukwe

Katika toleo lililopita tulikitaja Saba kwa mistari mitatu tu, tukasema ni miongoni mwa visiwa vya Karibi ambavyo utalii haujavigeuza sura. Barua hizi ndizo zilizofuata. Jina lisikuchanganye: si saba ya hesabu, ni kisiwa kidogo chini ya utawala wa Uholanzi, na huko hutamkwa karibu "Seba".

Swali: Mimi na mke wangu tumeweka akiba ya wiki mbili za Karibi. Hatutaki mahoteli makubwa wala zile meli za watalii zinazoshusha maelfu ya watu asubuhi moja. Saba inatufaa? Na kupanga kwenyewe tuanzie wapi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Inawafaa, mradi mjue kwanza kwa nini imebaki ilivyo. Saba ni kilele cha volkano kilichochomoza baharini, kilomita za mraba 13 tu, wakazi wapatao 2,000. Kando zake ni majabali yanayoshuka wima hadi majini. Kwa hiyo haina ufukwe wa kudumu, haina gati la meli kubwa za watalii, na njia ya kurukia ndege ina urefu wa mita 400, ambapo jeti haiwezi kutua. Mtu mwenye hela za kujenga hoteli ya vyumba mia tano hana pa kuanzia. Lakini hicho hicho kinacholinda kisiwa ndicho kinachomsumbua msafiri. Safari nyingi za Saba huharibikia njiani, kwenye kuunganisha ndege. Ukishafika, mambo hunyooka.

Lango ni Sint Maarten, kilomita kama 45 kaskazini ya Saba. Kutoka Dar mtapita Amsterdam, au Nairobi kisha Paris, ndipo mvuke Atlantiki hadi uwanja wa Princess Juliana. Ndege za Ulaya kwenda Sint Maarten zina siku zake, na nyingi hutua alasiri. Uwanja wa Saba haupokei ndege giza likiingia. Ndege yenu ikichelewa kuondoka Ulaya kwa saa mbili, ile ndogo ya mwisho kwenda Saba imeshawaacha. Kwa hiyo msijaribu kuunganisha siku ile ile. Laleni Sint Maarten usiku mmoja, mwondoke kesho yake asubuhi mkiwa na siku nzima ya akiba upepo ukigoma.

Kurudi ndiko kwa hatari zaidi, kwa sababu hapo mnasubiriwa na tiketi ya maelfu ya dola. Ondokeni Saba siku mbili kabla ya ndege ya Ulaya. Kwa wiki mbili hesabu inakaa hivi: usiku mmoja Sint Maarten wakati wa kwenda, usiku nane Saba, usiku mbili Sint Maarten wakati wa kurudi, na usiku mbili angani. Wengi huona zile tatu za Sint Maarten ni hasara. Sisi tunaziona ndiyo bima yenyewe.

Utaratibu wa kununua nao una maana. Anzeni na malazi ya Saba, kwa sababu vyumba ni vichache na ndivyo huisha mapema. Chukueni ya kufutika bila faini. Kisha angalieni siku za ndege ndogo na boti, halafu viza, na tiketi ya Ulaya iwe ya mwisho kulipiwa. Ikiwezekana kupata safari yote hadi Saba katika tiketi moja, chukueni hiyo hata ikizidi bei kidogo, kwa sababu mkikosa kuunganisha, shirika ndilo litakalowatafutia nafasi nyingine. Mkinunua tiketi mbili mbalimbali, aliyewachelewesha hana deni kwenu.

Mwezi gani? Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba. Kimbunga Irma kiliipiga Sint Maarten tarehe 6 Septemba 2017 na kuharibu vibaya jengo la abiria la uwanja wa ndege. Saba iliumia kidogo, lakini lango lilipofungwa ilibaki peke yake. Desemba hadi Machi mvua ni haba, ila bei ziko juu na upepo ni mkali. Sisi tungechagua kuanzia mwisho wa Aprili hadi Juni: bahari imetulia, na msongamano wa majira ya baridi ya Ulaya umekwisha. Mkilazimika kwenda Septemba, nunueni bima ya safari mapema, kwa sababu kimbunga kikishapewa jina, bima inayonunuliwa baada ya hapo haikihesabu.

Swali: Nina pasipoti ya Kenya na viza ya Schengen ambayo haijaisha. Kwa kuwa Saba ni Uholanzi, naweza kuitumia hiyo?
*Msomaji, Kisumu*

Jibu: Saba ni manispaa maalumu ya Uholanzi tangu 10 Oktoba 2010, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ina viza yake, ya sehemu za Karibi za Ufalme wa Uholanzi, inayoombwa kupitia ubalozi wa Uholanzi. Viza hiyo moja inafaa kwa visiwa sita: Aruba, Bonaire, Curaçao, Sint Maarten, Sint Eustatius na Saba. Kwa hiyo lango na kisiwa vyote vimo. Unatakiwa kuonyesha tiketi ya kurudi au uthibitisho wa nafasi uliyoweka, uthibitisho wa malazi, bima ya matibabu na uwezo wa kujigharimia. Kosa linalorudisha maombi mengi ni tarehe zisizolingana: malazi yanaishia tarehe 12, tiketi inasema 14, na zile siku mbili hazina pa kulala. Zile usiku za Sint Maarten nazo ziwekewe karatasi yake.

Angalia pia unakopita. Ukipitia Marekani lazima uwe na viza ya Marekani hata kama hutoki uwanjani, kwa sababu kule hakuna kupita bila viza. Wasomaji wetu wenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanatakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani hata Paris na Amsterdam.

Kadi ya njano ya homa ya manjano usiiache. Unatoka nchi iliyo kwenye orodha ya zile zenye homa hiyo, na ofisa ana haki ya kuidai. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni ya maisha. Kadi ya zamani iliyoandikwa "miaka 10" bado ni halali, usikubali kuchanjwa mara ya pili kwa sababu hiyo.

Swali: Rafiki kanitumia video ya ndege ikitua Saba, na tangu siku hiyo nasita. Boti si afadhali? Nitatoka Minneapolis mwezi wa Januari, pasipoti yangu ni ya Marekani.
*Msomaji, Minnesota*

Jibu: Viza huhitaji. Kuhusu ndege, ngoja tukueleze kinachotokea ndani ya ile video.

Ndege ni Twin Otter ya shirika la Winair, viti 19, injini mbili za pangaboi, iliyoundwa makusudi kwa viwanja vifupi. Safari yenyewe ni dakika 12 hadi 15. Uwanja umekaa juu ya Flat Point, ulimi wa lava ambao ndio sehemu pekee ya kisiwa iliyo tambarare, na kila mwisho wa njia jabali linakatika kuingia baharini. Ndege huja karibu na mlima, hulala upande kukata kona, na kwa sekunde chache dirisha la upande mmoja hujaa mawe na majani. Magurudumu yakigusa tu, rubani hugeuza pembe za pangaboi ili zisukume hewa mbele badala ya nyuma. Utasikia mvumo ukibadilika ghafla na mkanda ukikubana tumbo. Hapo watu ndipo hushtuka, na hapo ndipo kila kitu kinakwenda sawa: ile ndiyo breki. Marubani hupewa mafunzo ya pekee kabla ya kuruhusiwa kutua pale. Alama kubwa za X zilizochorwa miisho ya njia zinawaambia marubani wengine wasithubutu.

Wakazi wenyewe ndio waliosafisha mawe ya Flat Point kwa mikono. Ndege ya kwanza ilitua mwaka 1959, na uwanja ukafunguliwa 1963.

Kinachosumbua abiria ni upepo wa ubavuni. Ukizidi, ndege haiji, na rubani anayekataa kutua anafanya kazi yake. Jambo la pili ni mizigo. Kwa njia fupi kiasi hiki uzito hupigiwa hesabu kali, na begi linaweza kuachwa lije na ndege inayofuata. Dawa, chaja, nguo za siku moja na karatasi zako ziwe mkononi. Begi liwe laini, la turubai, si sanduku gumu: sehemu ya mizigo ni ndogo na sanduku la magurudumu manne huingia kwa tabu.

Boti nayo haiendi kila siku, na huchukua kama saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Januari ndio mwezi mbaya kwa boti. Upepo wa Karibi hauna zamu kama kaskazi na kusi kwetu. Mwaka mzima hutoka mashariki, na kati ya Desemba na Februari huongeza nguvu na kutokea zaidi kaskazini-mashariki, hivyo mawimbi huja marefu kutoka bahari kuu. Kwenda Saba yanakusukuma, kurudi Sint Maarten boti inayakabili kwa omo. Mtu anayelewa bahari ameze kidonge saa moja kabla ya kung'oa nanga, si baada ya kichefuchefu kuanza, kwani tumbo likishavurugika kidonge hakikai. Akae tezini, katikati, chini, atazame upeo wa bahari na aiache simu mfukoni. Mkate mkavu kidogo ni bora kuliko tumbo tupu.

Kwa Januari, shauri letu ni ndege. Ukipita huko Mei, chukua boti kwenda na ndege kurudi.

Swali: Assalamu alaikum. Nina miaka 63, goti la kulia lina matatizo, lakini natamani kufika kilele cha Mount Scenery. Nasikia ni ngazi elfu moja. Nijaribu?
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Waalaikumu salaam, na shikamoo mzee wetu. Ni 1,064, na zinahesabika kweli. Lakini hesabu ya kukutia moyo ni hii: kilele kina kama mita 880, nacho kijiji cha Windwardside, ambako njia inaanzia, kipo tayari mita kama 400 juu ya bahari. Utakachopanda ni chini ya mita 500. Mwenye mwendo wa wastani hutumia saa moja na nusu kupanda na saa moja kushuka. Wewe jipe saa nne kwa jumla.

Vidato ni vya mawe na zege, havilingani urefu: kimoja cha kiganja, kinachofuata karibu kinafika gotini. Juu ya nusu ya njia unaingia kwenye msitu wa mawingu. Hapo kila kitu kimelowa hata kama mvua haijanyesha. Mawe yamevaa kuvu ya kijani, mizizi imepita juu yake, na majani mapana kama ya mayugwa yanadondosha matone shingoni. Watu wengi hawaanguki wakipanda. Huanguka wakishuka, wakiwa wamechoka, wakitua kisigino kwenye jiwe lenye kuvu. Goti lako nalo litalalamika wakati wa kushuka, maana ndipo linapobeba uzito wote. Kwa hiyo chukua fimbo mbili, si moja. Shuka ukikanyaga kwa wayo wote, ubavu ubavu pale kidato kinapokuwa kirefu, ukitanguliza mguu wenye goti bovu na kuuachia mguu mzima kazi ya kukunja.

Viatu viwe na soli yenye meno. Maji lita moja na nusu, na koti jepesi la mvua, kwa sababu kileleni kuna upepo na ubaridi. Anza saa moja asubuhi. Kadiri jua linavyopanda ndivyo wingu linavyoganda kileleni, na baada ya saa nne ni bahati kuona chochote. Pita kwanza kwenye duka la njia la Saba Conservation Foundation pale Windwardside, shirika linalotunza njia hizi. Watakwambia ni wapi pameporomoka wiki hiyo.

Kama goti likikataa, geuka bila kinyongo. Njia ya Sandy Cruz ni pole zaidi na inapita ndani ya msitu mnene. Ile ya pwani ya kaskazini iache, haiendewi bila kiongozi.

Tukuongezee jambo moja, maana wewe ni mtu wa bahari na utalielewa. Kabla ya barabara, bidhaa nyingi zilishushwa Ladder Bay, upande wa magharibi, zikapandishwa kichwani kwa ngazi 800 zilizochongwa jabalini hadi mji mkuu, The Bottom. Wahandisi wa Kiholanzi walisema barabara haiwezekani. Mkazi mmoja, Josephus Lambert Hassell, akasoma uhandisi kwa masomo ya posta, na mwaka 1938 watu wakaanza kuijenga kwa mikono. Kipande cha kwanza, kutoka Fort Bay hadi The Bottom, kilikamilika 1943, na gari la kwanza lilishuka kisiwani 1947. Dereva wa teksi akikupitisha kwenye kona zile, tazama kuta za mawe zilizoishikilia barabara pembeni. Ni mikono ya watu hiyo.

Swali: Mimi ni mzamiaji, kadi yangu ni ya daraja la pili na nimezoea kuta za Pemba. Vilele vya chini ya maji vya Saba vina ugumu gani?
*Msomaji, Zanzibar*

Jibu: Ukuta wa Pemba umeshauzoea, kwa hiyo kina cha samawati chini ya miguu hakitakutisha. Tofauti ni kwamba Pemba unaweza kuanza mita tano na kushuka utakavyo, wakati vilele vya Saba, kama Third Encounter na Eye of the Needle, huanzia mita kama 27 hadi 30. Hakuna sehemu ya kina kifupi ya kupumzikia. Unashuka kwenye maji matupu ukifuata kamba ya boya, na hewa ndiyo inayokupangia muda.

Piga hesabu kabla hujaingia. Mtungi wa kawaida wa alumini una lita 11, na ukijazwa hadi shinikizo la baa 200 ni kama lita 2,200. Baa 50 za akiba, yaani lita 550, hazihesabiwi. Zinabaki 1,650. Ikiwa juu ya maji unatumia lita 20 kwa dakika, kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne, hivyo utatumia 80. Ni dakika 20, na hapo hujatoa ya kushuka na kupanda. Ukipata dakika 15 za kweli kileleni umefanya vizuri. Na hata ungekuwa na mapafu ya pomboo, kwa hewa ya kawaida muda salama kwenye kina hicho ni kama dakika 20. Ndiyo maana wengi huchukua hewa yenye oksijeni asilimia 32, ambayo hurefusha muda huo, ila ina dari yake: usipite mita 33, kwani chini ya hapo oksijeni yenyewe inakuwa sumu. Bila kadi yake hupewi.

Hifadhi ya bahari ya Saba, iliyoanzishwa 1987, imekizunguka kisiwa chote hadi kina cha mita 60. Huruhusiwi kuzama peke yako, lazima upite kwa kampuni inayotambuliwa. Boti hufungwa kwenye maboya ya kudumu ili nanga zisivunje matumbawe, na kila mbizi ina ada ya hifadhi. Siku ya kwanza omba Tent Reef, mwamba wa kina kifupi, upimie uzito wa vipande vya risasi vya mkanda wako wa kuzamia na kuona kama kinywa cha mtungi hakivuji. Maji huwa nyuzi 25 hadi 29, suti ya milimita 3 inatosha.

Sasa kosa ambalo hata wazoefu hulifanya. Wanajua hawapandi ndege ndani ya saa 18 baada ya mbizi za siku mfululizo, na wengi huongeza ziwe 24. Lakini asubuhi wanazama, mchana wanapanda Mount Scenery. Naitrojeni iliyoyeyuka damuni haijui tofauti ya ndege na mlima, inachojua ni shinikizo kupungua, ndipo igeuke mapovu mwilini, na tahadhari ile huanza kwenye mita kama 600. Kilele kina kama 880. Kwa hiyo panda mlima kabla ya mbizi ya kwanza, au siku ya mwisho baada ya kukaa kavu siku nzima. Kituo cha afya kipo The Bottom, lakini mgonjwa mahututi husafirishwa kwa ndege hadi Sint Maarten. Bima yako iandikwe wazi kwamba inalipia uzamiaji na usafiri huo.

Swali: Nina watoto wawili, miaka 4 na 7, wanaopenda kuchezea mchanga. Saba?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Hapana, dada. Mchanga wa Well's Bay huja na kwenda na mawimbi, miezi mingine hukuta mawe tu. Cove Bay, karibu na uwanja wa ndege, ni kidimbwi kidogo kilichokingwa kwa mawe. Kinatosha asubuhi moja, si wiki. Mwaka huu wapeleke Bequia, katika nchi ya Saint Vincent na Grenadini. Ni kisiwa kidogo, chenye ghuba tulivu za Princess Margaret na Lower Bay, na boti kutoka Kingstown huchukua kama saa moja. Saba itawangoja wakifika miaka kumi na kitu.

Swali: Nina pasipoti ya Uholanzi. Naweza kuingia kwa kitambulisho, na euro zinapokelewa?
*Msomaji, Rotterdam*

Jibu: Chukua pasipoti, kwa kuwa unatoka nje ya Schengen na unapita Sint Maarten, ambayo ni nchi nyingine ndani ya Ufalme. Sarafu ni dola ya Marekani tangu 1 Januari 2011. Beba noti ndogo, za dola 1, 5 na 10, kwa teksi na maduka madogo, kwani mashine za kutolea fedha ni chache. Umeme ni volti 110 na plagi ni za Kimarekani. Chaja iliyoandikwa 100–240 haina shida. Pasi au kikaushia nywele cha Ulaya kitapata uvuguvugu tu. Wenzetu wa Afrika Mashariki nao wabebe adapta ya plagi zetu za pini tatu.

Swali: Sisi ni Waislamu, watu wanne. Chakula kitakuwaje, na mizunguko ya kisiwani bila gari?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Nyama ya halali usiitegemee dukani. Tegemeeni samaki na kamba koche wanaovuliwa kwenye fungu la bahari kusini-magharibi ya kisiwa, Saba Bank. Chukueni nyumba yenye jiko. Bidhaa nyingi huja kwa meli kutoka Sint Maarten, na bahari ikichafuka rafu za mboga hupwaya, kwa hiyo nunueni siku meli inapoingia, msingoje mwisho wa juma. Viungo bebeni kutoka nyumbani: bizari, iliki, mdalasini, vikiwa vimefungwa kiwandani na vina lebo.

Maji ya nyumba ni ya mvua. Paa jekundu huyapeleka kwenye birika chini ya nyumba, kama yale ya misikiti ya zamani ya pwani yetu. Fungeni bomba wakati wa kujipaka sabuni. Mkilimaliza birika, boza huja kwa malipo. Ya kunywa nunueni.

Teksi zina bei zilizopangwa, ulizeni kabla ya kupanda. Basi msilitegemee. Wenyeji huomba lifti kando ya barabara na hupewa haraka, lakini kwa watu wanne mtasubiri, mgawanyike wawili wawili. Saa zenu za kupiga nyumbani: Saba iko nyuma kwa saa saba, saa sita mchana huko ni saa moja usiku Mombasa. Malaria hakuna, ila mbu wa mchana wanaoeneza dengi wapo, dawa ya kujipaka isikosekane.

Swali: Mama yangu hushona kofia. Nimesikia wanawake wa Saba wana ushonaji wao. Nimletee nini?
*Msomaji, Lamu*

Jibu: Mletee kitambaa cha lesi ya Saba, hata kidogo cha kufunikia sinia. Kazi hii ililetwa na Gertrude Johnson, aliyejifunza kwa masista Caracas katika karne ya 19. Baadaye wanawake wakawa wanauza kwa barua hadi Marekani, waume zao wakiwa baharini. Mama ataiona tofauti mara moja: kofia hutobolewa kisha tundu likazungushiwa uzi, lakini hapa nyuzi za kitani zenyewe huchomolewa moja moja, na zile zilizobaki hukusanywa kwa sindano na kufungwa mafundo hadi zifanye nyota na maua. Kabla ya kulipa, geuza kitambaa. Kazi ya mkono ina mafundo madogo yanayoonekana nyuma na ukingo wa nyuzi zilizokatwa karibu na pindo. Ya mashine ni laini pande zote. Akitaka kuifua, iwe kwa maji ya vuguvugu bila kukamua, na ipigwe pasi ikiwa bado na unyevu, upande wa nyuma.